Viti Viwili vya Pembeni

Kicheko ndicho kilichomponza Fundi Barafu.

Siku hiyo alirudi nyumbani hoi. Alikuwa ameshinda kwenye bucha moja, kichwa ndani ya friji kubwa la nyama, akitafuta mahali gesi inapovujia, na masikio yake yalikuwa bado yana ganzi. Akavua viatu mlangoni, akaketi, akajimiminia maji. Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mbele yake, uso unamng'aa.

"Baba watoto, nina habari."

"Nipe."

"Wamenichagua. Kwenye mchezo wa kuigiza, ule wa ukumbi wa manispaa. Tena si nafasi ya kupita na sinia tu, nina maneno. Mimi ndiye mama mwenye nyumba."

Fundi akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alimwona tu kichwani mwake, huyu mkewe anayefundisha hesabu shule ya msingi, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, amesimama chini ya mataa akiwaambia waigizaji wenzake waonyeshe njia waliyotumia kupata jibu. "Wewe? Jukwaani?" akasema. "Watakaokosea utawachora mkasi mwekundu, kama kwenye madaftari?" Akacheka hadi maji yakampanda puani, akapaliwa, akacheka tena huku anakohoa.

Mwalimu hakununa. Angenuna, Fundi angejua la kufanya, maana alikuwa mzoefu wa kununiwa. Aligeuka tu, akarudi jikoni, akapakua chakula, akala, akasahihisha madaftari, akalala. Asubuhi akamwuliza, "Umeamkaje?" kwa sauti ile ile anayomwamkia nayo mkaguzi wa shule. Hapo Fundi akajua kwamba ameharibu.

Siku kadhaa zikapita hivyo, kwa adabu ya kutisha. Kisha jioni moja Mwalimu akaja sebuleni na karatasi zake, kwa sababu maneno yalikuwa mengi na hakuwa na mtu wa kujibizana naye. Watoto walishakua, kila mmoja yuko kwake.

"Kaa hapo," akasema. "Wewe ni mpangaji. Soma palipopigwa mstari."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Mama mwenye nyumba anaishi ghorofani, mpangaji wake anaishi chini. Ngazi za nyumba zimeanguka, mama amekwama juu, na ngazi ya mbao pekee iliyopo ameificha mpangaji, anayeapa kwamba hataitoa mpaka dari inayomvujia itengenezwe. Basi tangu pazia linafunguka mpaka linafungwa, mama yuko dirishani na mpangaji yuko chini, wanapigana maneno.

Fundi akasoma.

"Soma kama mtu," Mwalimu akamkatiza.

"Kwani nasoma kama nani?"

"Unasoma kama tangazo la kukatika kwa maji. Huyu mpangaji ana kiburi. Weka kiburi."

Fundi akaweka kiburi, lakini kilimkaa vibaya, kama koti la kuazima. Hata hivyo waliendelea, jioni hadi jioni, na maneno yakamwingia bila yeye kutaka. Akiwa chini ya friji la mteja, midomo ilikuwa inamchezacheza yenyewe. Siku moja mwenye bucha alisikia sauti kutoka nyuma ya mashine ikisema, "Ngazi yako iko pale ulipoiacha!" akajibu kwa wasiwasi, "Ngazi gani tena, Fundi? Mimi sina ngazi."

Lakini habari ya kicheko haikuguswa. Walisoma, wakafunga karatasi, wakatakiana usiku mwema. Kicheko kilibaki pale pale ndani ya nyumba, kinanguruma chinichini.

Wiki ya onyesho ilipofika, Fundi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa mimi tiketi yangu iko wapi?"

Mwalimu alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa. "Kila mwigizaji alipewa mbili. Moja nimempa dada, ya pili nimempa jirani wa hapo ng'ambo."

"Jirani? Yule mwanamke hata chumvi hajawahi kutuazima."

"Ndiye wa kwanza kuniambia hongera."

Mwalimu akageuza shati upande wa pili. "Halafu mama anakuja Jumamosi. Anataka kuniona. Mimi nitakuwa ndani tangu asubuhi, kwa hiyo ukija, utakuja naye. Usipokuja, mtafutie mtu wa kumleta."

Kauli hiyo ilimchoma Fundi kuliko matusi. Akaapa moyoni kwamba atakuja, atamleta mama mkwe, na watakaa mahali ambapo mkewe akitupa jicho tu atawaona wote wawili, wamevaa vizuri, wanapiga makofi. Na kwa kuwa alikuwa na mkono wa birika, akaapa pia kwamba hilo litafanyika kwa bei ya kuridhisha.

*

Dirisha la tiketi lilikuwa pembeni mwa ukumbi, tundu dogo lenye vyuma, na nyuma yake alikaa dada mmoja mwenye kucha ndefu za zambarau. Fundi alifika mchana, sanduku la vifaa mkononi, akakuta watu wachache, akasubiri zamu yake.

"Nataka viti viwili, dada yangu. Vizuri, halafu vya bei nafuu."

"Vizuri au vya bei nafuu?"

"Vyote viwili."

Dada akamtazama kama mtu aliyeomba barafu ya moto. Hata hivyo alikuwa na moyo, akamweleza. Jioni ni bei kamili, lakini Jumamosi kuna onyesho la mchana, nusu bei, waigizaji ni wale wale na maneno ni yale yale. Fundi akafurahi, akasogea karibu zaidi na tundu. Dada akamsukumia ramani ya viti iliyobandikwa kwenye kipande cha ubao. Vya katikati ni ghali. Vya nyuma ni nafuu. Vya roshani ni nafuu zaidi.

"Roshani hapana. Nina mama mkwe, magoti hayapandi ngazi."

"Basi nyuma."

"Nyuma hasikii. Sikio la kushoto limezimika, anatumia la kulia. Kwa hiyo jukwaa liwe upande wake wa kulia. Tena asikae katikati ya watu asiowajua, hapendi kubanwa. Na awe karibu na njia, maana akishikwa na haja hasubiri."

Nyuma ya Fundi foleni ilikuwa imeanza kurefuka. Mwanamume mmoja mwenye mwavuli akasema, "Mzee, si umletee kitanda kabisa?" Mama mmoja akamtetea: mama mkwe ni mama mkwe, mwacheni achague. Kijana wa tatu akashauri kwamba safu ya tano ndiyo bora duniani, mwenye mwavuli akabisha kwamba ni ya saba, na kabla dada hajasema neno, foleni nzima ilikuwa inagombana kuhusu safu.

"Dada," Fundi akasema, "niruhusu niingie nikavikalie kwanza."

"Haiwezekani. Viti havijaribiwi. Hivi si viatu."

"Kiatu kikinibana navua. Kiti kikinibana mbele ya mama mkwe, nitakwenda wapi?"

Dada akachoka. Akamwambia akamuulize mlinzi wa mlangoni, mradi tu aondoke dirishani. Mlinzi naye akakataa katakata. Lakini hapo barazani, kando ya mlango, palikuwa na friji la soda linalolia kwa uchungu, na Fundi hakuwa na uwezo wa kusimama karibu na friji linaloumwa akaliacha. Akalivuta, akapiga magoti, akatoa vumbi lililojaa nyuma kama blanketi, akakaza kitu hapa, akanyoosha kitu pale. Friji likanyamaza. Baada ya muda mlinzi akanywa maji yenye ubaridi wa kweli, akatazama kushoto, akatazama kulia, akafungua mlango wa ukumbi.

Jukwaani maseremala walikuwa wanagonga misumari. Nyumba ya mchezo ilishasimama: ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya matofali, mlango wa mpangaji chini, na juu, upande wa kulia wa jukwaa, dirisha la mama mwenye nyumba. Fundi akaanza kazi. Alikaa kila mahali. Alikaa kwa urefu wake, kisha akajikunyata kwa urefu wa mama mkwe. Aliziba sikio la kushoto kwa kidole, akamwomba seremala aseme chochote. Seremala akasema, "Mzee, una matatizo gani?" na Fundi akaitikia kwa furaha, "Safi kabisa, nimekusikia!" Alipima miguu. Alitembea kutoka kila kiti hadi mlango wa choo.

Mwisho akavipata. Viti viwili mwisho kabisa wa safu ya tatu, upande wa kushoto, vimebanana na ukuta wa ukumbi. Kwenye ramani viliandikwa "vya pembeni" na bei yake ilikuwa kama ya bure. Lakini ukikaa pale, dirisha la mama mwenye nyumba lilikuwa linakutazama usoni, moja kwa moja, ng'ambo ya jukwaa. Jukwaa lote lilikuwa kulia. Hakuna wa kukubana, maana njia inavitenga na viti vingine. Choo kiko nyuma tu ya pazia la pembeni.

Alirudi dirishani kifua mbele. "Hivi viwili, dada. Na sijui kwa nini mnaviuza rahisi hivi, lakini msishtuke, sitamwambia mtu."

Nyumbani hakusema watakaa wapi. Alitaka kumshtukiza. Mkewe alipouliza kama amepata tiketi, alijibu tu, "Wewe angalia ng'ambo, utatuona," na Mwalimu, aliyekuwa na mambo mengi kichwani, hakuuliza ng'ambo ya nini.

*

Mama mkwe alikuja na basi la asubuhi, amejitanda kanga mpya, mkoba mkubwa kwapani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na kwa kuwa alisikia nusu, alidhani dunia nzima inasikia nusu. Fundi alimheshimu kiasi cha kumwogopa. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kukaa naye kiti kwa kiti, na walipoingia ukumbini akamwachia nafasi, akaegemea ukuta hadi bega likamwuma.

"Viti vizuri, baba," mama mkwe akasema, na nusu ya ukumbi ikageuka. "Vya bei gani?"

"Tutaongea, mama," Fundi akanong'ona.

Taa zikazimwa. Pazia likafunguka. Fundi akatazama ng'ambo, upande wa kulia, mahali pa dirisha, akaona ukuta mtupu. Rangi ya matofali, basi.

Macho yakamtoka. Akasogeza shingo, akarudisha. Mlango wa mpangaji aliuona, umehamia katikati. Dirisha hakuliona popote. Ndipo sauti ya mkewe ikasikika, wazi, nzuri, karibu mno, kana kwamba inatoka ndani ya ukuta walioegemea.

"We mpangaji! Ngazi yangu iko wapi?"

Watu wakacheka. Fundi akaelewa. Walikuwa wamehamisha dirisha. Kwa sababu zao wenyewe, za taa au za mbao, maseremala walilitoa kulia wakalileta kushoto, na sasa lilikuwa juu yao hapo hapo, nyuma ya pembe ya ukuta wa jukwaa. Ukumbi wote ulikuwa unaliona isipokuwa viti viwili.

"Mwanangu yuko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Yuko hapo, mama. Nyuma ya ukuta."

"Anafanya nini nyuma ya ukuta?"

"Anaigiza."

Watu wa mbele wakageuka na kusema "Shh!" Mama mkwe, ambaye "Shh" haikumfikia, alikuwa sasa ameelekeza sikio lililozimika upande wa dirisha, maana kila kitu alichopima Fundi kilikuwa kimegeuka juu chini. Akakaa akikunja uso. Kisha Mwalimu, akiwa anamtishia mpangaji, akanyoosha mkono nje ya dirisha, na mkono huo ukajitokeza kwenye pembe ya ukuta, bangili na vyote.

"Huo hapo!" mama mkwe akapaza sauti kwa furaha. "Mkono wa mwanangu!"

Safu zote za mbele ziliangua kicheko. Mkono ukasita kidogo hewani, ukarudi ndani. Fundi alitamani ardhi ipasuke, immeze mtu, ikiwezekana yeye.

Sehemu ya kwanza ilikwenda hivyo. Mkono ulitoka, mkono ulirudi. Wakati mmoja waliona kidevu. Kila ulipotoka, mama mkwe aliutangaza. Jasho lilimtiririka Fundi mgongoni katika ukumbi wenye feni nne. Hapo juu, mkewe alikuwa anachekesha watu wasiomjua, na yeye, mumewe, alikuwa anautazama ukuta. Alicheka peke yake siku ile sebuleni, na leo watu wote wanacheka ila yeye. Hilo lilimwingia.

Wakati wa mapumziko alitoka mbio hadi dirisha la tiketi.

"Dada, nisaidie. Tumekaa hatuoni."

"Vya pembeni," dada akasema, akipuliza kucha. "Si ulivikalia?"

"Nilivikalia dirisha likiwa kule!"

"Ukumbi umejaa, mzee. Kimebaki kimoja tu, safu ya pili upande wa kulia, nacho kimefungwa kamba. Kibovu. Ukikikalia kinakumeza."

"Kinammeza vipi mtu?"

"Chuma cha chini kimelegea."

Fundi akaomba akione. Dada akakumbuka ile sauti ya "mkono wa mwanangu" iliyofika hadi kwake nje, akaona afadhali kiti kuliko sauti, akamruhusu. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake, kama siku zote, hata katika suti. Akalala chini kati ya miguu ya watu, suti na yote, huku mwenye mwavuli wa siku ile ya foleni, aliyekaa kiti cha jirani, akimwuliza kama ndicho alichokichagua. Kiti kikakazwa. Fundi akakikalia kwa nguvu, akaruka juu yake kidogo, kikamstahimili. Akamleta mama mkwe, akamketisha; sikio lililozimika bado lilikuwa upande wa dirisha, lakini sasa macho yaliliona lote.

"Na wewe, baba?"

"Mimi nitarudi kule, mama. Mkoba wako nitauangalia."

Akarudi kwenye pembe yake, yeye na mkoba na ukuta.

*

Sehemu ya pili ilianza vizuri. Kwa mbali Fundi alimwona mama mkwe ametulia, mdomo wazi, mikono kifuani, anamtazama binti yake, na roho yake ikapoa. Akaegemea, akafumba macho, akasikiliza. Aliyajua maneno yote. Ilikuwa karibu sawa na kuwa sebuleni.

Katikati ya sehemu hiyo kuna mahali ambapo mpangaji anaingia kwake kwa hasira na kubamiza mlango, kisha mama anamwita, naye anatoka tena kwa kiburi kikubwa kuliko chote. Mwigizaji, kijana mwenye nguvu, akaingia, akabamiza mlango. Aliubamiza kwelikweli. Ukuta mzima wa matofali ukatikisika, na mlango ukajibana katika fremu yake.

"We mpangaji!" Mwalimu akaita. "Ngazi yangu iko wapi?"

Kimya. Nyuma ya mlango kukasikika mtu anasukuma. Kitasa kikazunguka, kikarudi, kikazunguka tena.

"Nasema, we mpangaji! Ngazi yangu iko wapi?"

Kimya. Sasa bega lilikuwa linagonga mbao. Mtu mmoja ukumbini akakohoa. Kile kimya kikaanza kuwa kizito, kile ambacho kila mtu anajua kwamba kuna jambo limekwama lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kujua. Na Fundi akasikia, katika pumzi ya mkewe aliyoivuta hapo juu, kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu alipozaliwa mtoto wao wa kwanza. Mwalimu alikuwa anaogopa.

"Mpangaji?" akaita mara ya tatu, sauti imepungua.

"Ngazi yako iko pale ulipoiacha!" Fundi akasema.

Hakuamua. Mdomo ulijisemea wenyewe, kama kwenye bucha, kama sebuleni, jioni zote zile. Sauti ilikuwa ile ile ya tangazo la kukatika kwa maji, na katika ukumbi ule kimya ilisikika hadi roshani. Watu wakageuka huku na kule wakimtafuta msemaji, wakaona giza tu. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele.

Juu yake, dirisha likalia. Mwalimu akainama nje, akachungulia chini ya pembe ya ukuta, na kwa mara ya kwanza mchana huo Fundi akamwona mkewe uso mzima. Amepakwa wanja, amefunga kilemba kikubwa chekundu, macho yamemtoka. Wakatazamana.

"Niliiacha wapi?" Mwalimu akasema polepole. Ndiyo maneno yenyewe.

"Kwani mimi ndiye mlinzi wa ngazi?"

"Wewe ndiye uliyeichukua!"

"Aliyeniona ni nani?"

"Toka nje basi, nikuone uso!"

"Sitoki. Jua kali."

Ukumbi ukacheka kwa kishindo. Kila neno lilikuwa neno la mchezo, halikuongezwa wala kupunguzwa, lakini kutoka gizani, kwa sauti ile isiyo na kiburi hata chembe, lilichekesha kuliko lilivyoandikwa. Mlango ulikuwa bado unagongwa. Fundi alijua kinachofuata: mama anasema dari si yake. Akasubiri.

Mwalimu hakusema habari ya dari. Aliweka viwiko vyote viwili dirishani, akamtazama.

"Na niambie tena, mpangaji. Mimi ni mtu wa kuchekwa?"

Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Fundi aliyajua maneno yote ya mchezo ule, na hayo hayakuwamo. Watu wakasubiri, wanadhani bado ni mchezo.

"Hapana," akasema. "Hapana, mama mwenye nyumba."

"Mbona ulicheka?"

"Nilicheka kwa ujinga."

"Sikusikii!"

Fundi akasimama, mkoba wa mama mkwe kifuani. "Nilicheka kwa ujinga wangu! Nisamehe!"

Kutoka safu ya pili upande wa kulia sauti kubwa ikapaa juu ya vicheko vyote: "Msamehe, mwanangu! Watu wanasikia!"

Ukumbi ukapasuka. Mwenye mwavuli alikuwa anapiga mwavuli sakafuni. Na hapo dirishani Mwalimu, ambaye kwa muda wote huo hakuwa ametikisa hata kope, akacheka. Alicheka hasa, kilemba kikamtelemkia jicho moja, akashika fremu ya dirisha asianguke.

Wakati huo huo mlango ukavunjika, na mpangaji halali akaja jukwaani kifudifudi.

"Na huyu," Mwalimu akasema, akifuta machozi na kumwonyesha kwa kidole, "ni wa chumba cha pili. Naye namdai ngazi yangu!"

Mchezo ukaendelea kutoka hapo. Fundi akaketi. Hakusikia neno jingine mpaka watu walipoanza kupiga makofi.

*

Jua lilikuwa bado juu walipotoka. Nje ya ukumbi palikuwa na kibanda cha chai, na Mwalimu akaja kukaa nao hapo, wanja usoni, kilemba mkononi, maana onyesho la jioni lilikuwa bado na hakutaka kwenda mbali. Watu waliopita walimpungia mkono. Hakuna aliyemtambua Fundi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwona.

Mama mkwe alisifu kila kitu: dirisha, kilemba, na yule mpangaji wa gizani. "Ana sauti kama ya mtu anayeumwa jino," akasema, "lakini anajua kazi."

"Huyo ni mkweo, mama."

Mama mkwe akamtazama Fundi kwa mshangao, kisha kwa heshima mpya, akamsogezea andazi lake.

"Dada wa tiketi ananiambia," Fundi akasema kwa kujifanya hajali, akikoroga chai iliyokwisha korogwa, "kwamba waliotoka mchana wameshapiga simu kwa wenzao. Ya jioni imejaa yote. Wanaulizia yule mzee anayejibu kutoka kwenye viti."

"Mwongozaji naye ameniuliza wewe ni nani," Mwalimu akasema. "Nimemwambia ni baba watoto."

"Akasemaje?"

"Alishukuru. Halafu akaita seremala, mlango umeungwa na kurandwa, sasa unafunguka kwa kidole."

"Aa."

"Kwa hiyo jioni hakuna shida."

"Vizuri," Fundi akasema. "Vizuri sana." Akanywa chai. Alijisikia kama mtu aliyefukuzwa kazi ambayo hakuwahi kuajiriwa, na akashangaa kuona inauma.

Mwalimu akamtazama kwa upande. Akachukua leso, akamfuta Fundi vumbi la sakafu lililobaki begani tangu alipolala chini ya kile kiti, akalifuta taratibu, zaidi ya lilivyohitaji kufutwa.

"Umesoma vizuri leo," akasema. "Kiburi bado huna."

Kisha akajifunga kilemba upya, akaomba chai nyingine, na mama mkwe akauliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kama choo cha hapa ni cha kulipia.